Hatua Nne za Minyaa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mkutano wa mtaa umenichagua katibu wa kamati ya barabara. Mimi, fundi cherehani! Mwenyekiti wetu, Justa, amesema nina mwandiko mzuri na mdomo usiochoka. Sikubisha.

Jonathan, mhandisi kijana, ametueleza: fedha za kuijenga upya barabara yetu zimo kwenye bajeti, lami na mitaro, ila fidia hakuna. Kila nyumba ya kandokando isaini fomu ya kutoa eneo kwa hiari. Nyumba thelathini na nane. Ikikosekana saini moja, fedha zinakwenda mtaa mwingine. Mwisho Jumatano ya wiki ijayo.

Lami ya zamani imebaki vipande vipande kama kashata. Masika yaliyopita Evelina alishikwa na uchungu, tukambeba kwenye toroli kumpeleka barabara kuu, mtoto hakungoja. Kazaliwa palepale korongoni. Mzima, alhamdulillahi. Lakini hilo halitajirudia. Hii barabara itajengwa!

Jumatano, 5 Februari

Saini ishirini na tisa. Miguu imevimba. Antoni wa kuchomelea alitaka kwanza nimpunguzie bei ya sare za watoto wake. Nimempunguzia — mjanja yule.

Jonathan kapita na mkanda wake, anachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu. Anapima kuanzia katikati ya barabara ilivyo sasa. Kasema upande wetu ramani ya zamani inaonyesha bikoni, lile zege dogo la wapima ardhi lenye chuma katikati, lakini kaitafuta hakuiona. Kwangu mkanda umegusa uzio wa minyaa tu. Ng'ambo, kwa Mzee Chenge, umechukua jiko na choo.

Aliposema bikoni, niliinamia fomu zangu.

Ijumaa, 7 Februari

Thelathini na saba! Amebaki Mzee Chenge peke yake.

Nimevuka kwake asubuhi. Shikamoo. Marahaba, mayu, yaani mama kwa Kisukuma chake, karibu kigoda. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kasema zamani barabara haikuwa mlangoni kwake. Alikwenda kulima huko Kamanga misimu mitatu, kurudi akaikuta imemsogelea. Hakutaja mtu. Aliangalia minyaa yangu tu.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia anawakwamisha watu wote kwa ajili ya choo. Mzee wa miaka sabini na kitu! Nimerudi nyumbani, nikashona mkono wa gauni kinyumenyume.

Jumapili, 9 Februari

Mkutano tena. Nikasimama, nikasema mtu mmoja asiturudishe nyuma. Makofi. Halafu mtu wa nyuma akapaza sauti: basi siku ya msiba wake asitafute jirani, mtaa hautamzika. Makofi tena. Justa hakumkemea. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, naandika muhtasari. Mzee Chenge akavaa kofia yake, akaondoka taratibu.

Acha niandike, hapa hakuna atakayesoma. Bikoni naijua ilipo. Mwaka 1999 marehemu mume wangu, Nurdin, alisogeza uzio hatua nne ndani ya barabara. Alikata vijiti vya minyaa, akavichomeka mstari mpya. Bikoni akaifukia, na juu yake akapanda minyaa mingine. Mzee Chenge alikuwa Kamanga, kiwanja chake wazi, hakina uzio. Magari yakahamia upande wake. Hata hajarudi, minyaa imetuzidi urefu, nani akumbuke? Kwenye zile hatua nne tukajenga chumba changu cha cherehani.

Na kamba ya kunyooshea mstari, mwisho mmoja alishika Nurdin. Mwingine nilishika mimi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimempigia binti yangu, Mboni. Akasema: Mama, baba ameshakufa, yaache. Bila chumba hicho utashonea wapi? Swali la haki. Chumba hicho ndicho kilichomsomesha.

Nimekasirika na Nurdin. Kisha nimemkumbuka anavyocheka. Kisha nimekasirika tena. Naona aibu, basi. Nimemsimamisha mzee wa watu mbele ya mkutano kwa kitu tulichomchukulia sisi.

Jumanne, 11 Februari

Nimevaa miwani ya kushonea, maana utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unapofuka. Panga kwanza, halafu sururu. Jiwe. Jiwe jingine. Mwanza hii! Mara ya tatu sauti ikabadilika. Zege, na chuma katikati, kimekula kutu. Hatua mbili tu nyuma ya ukuta wa chumba changu; chumba chote kimo barabarani.

Justa akanikuta nimepiga magoti. Nikamweleza yote. Akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini: fukia, mimi sijaona kitu, Chenge tutambana kesho atasaini. Nikamwambia sifukii mara ya pili. Kaondoka bila kuaga.

Nikavuka kwa Mzee Chenge na udongo wangu mikononi. Nikamwambia kamba nilishika mimi. Akaniuliza: Jumapili waliposema sitazikwa, uliandika kwenye muhtasari wako? Nikasema hapana. Akasema liandike. Na hili la leo liandike. Saini ataweka mkanda ukishapita tena kuanzia kwenye bikoni, si kabla.

Nimeyaandika yote mawili. Nimempa muhtasari auone. Kausoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi. Cherehani nimeitoa nje, iko uani, nimeifunika kanga. Vitambaa vya wateja viko kitandani. Chumba kitupu kumbe ni kidogo hivi.

Jonathan kafika saa tatu. Kaitazama bikoni, kaitazama ramani, kajikuna kichwa. Anasema akianzia hapa mstari wote unahama, ofisini watamuuliza, na fomu zinatakiwa kabla ya saa sita. Nikamwambia basi aanze, tunapoteza muda. Watu wamejaa. Justa kasimama mbali, kakunja mikono. Evelina kaja na mtoto mgongoni.

Naandika nimekaa kizingitini, kitabu juu ya goti. Fomu ya thelathini na nane iko mfukoni mwa Mzee Chenge, naiona inachungulia. Yeye ameshashika mwisho mmoja wa mkanda, kule jikoni kwake.

Jonathan anauliza nani atashika huku kwenye bikoni. Wote wanatazamana.

Nashika mimi.