Mtoto Mgongoni kwa Mama Jepkemboi

Jumapili, 7 Septemba 2025

Pole, daftari. Tangu Marvin azaliwe sijakufungua — miezi mitano! Maneno yalikuwepo. Mkono ndio haukuwepo. Huyu kijana analala tu akiwa amebebwa.

Jana akina mama wa kanisa tulienda Kiplombe, nyumba ya marehemu Mama Jepkemboi, yule mwandishi tuliyemsoma shuleni. Sasa ni makumbusho. Askari wa geti akasema mizigo yote ya mgongoni inabaki nje. Akaniangalia. Nikamwambia huyu si mzigo, huyu anaitwa Marvin. Wenzangu wakacheka, akatuachilia.

Nyumba ndogo! Vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, kama kwa mama. Chumba cha kuandikia kimefungwa kamba mlangoni. Meza, taipureta, dirisha linaangalia mahindi. Chepkirui, dada anayetembeza wageni, akashusha sauti: hapa Mama aliandika kwa utulivu mkubwa, na alizaa watoto saba.

Nikauliza, akiandika, hao saba walikuwa wapi?

"Walikuwa nyumbani."

"Si hapa ndio nyumbani?"

Kicheko! Hata Chepkirui alificha mdomo.

Tukitoka akatangaza: kila Jumamosi watu kumi watakaa sebuleni humo na mwalimu, wafundishwe kuandika hadithi. Bure. Nikaacha jina. Sijaambia mtu.

Jumanne, 9 Septemba

Wamenichukua!! Chepkirui alipiga simu nikianika nepi. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mtaa wetu huu wa Huruma, walidhani ni mwizi.

Halafu akaongeza: "Lakini mtoto usikuje naye, mum. Meneja amesema."

Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Nimwachie nani? Chupa anaitema. Baba yake, Wanyama, Jumamosi ndiyo siku anachomelea milango mpaka jioni. Mama mkwe nilipomwambia aliniangalia juu mpaka chini — utaenda kuandika nini huko, nepi? Nikamjibu, hata hizo, Mama.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana usiku Wanyama alisema ningoje mwaka ujao, mtoto akue. Nikamwambia mwaka ujao kutakuwa na kitu kingine cha kungoja.

Asubuhi nimekuta amepaka viatu vyangu rangi. Yeye ni hivyo.

Jumamosi, 13 Septemba

Niko kwa ngazi za veranda yao. Wenzangu tisa wako ndani.

Meneja mwenyewe alitoka, na tai yake. "Madam, hii nyumba si ya kulea watoto." Nikamuuliza, tangu lini? Akasema sheria ni sheria, nirudi nyumbani, nafasi yangu itapewa mwingine. Nikakaa chini. Hapo hapo. Nikafungua leso, nikanyonyesha.

Niliogopa, kusema ukweli. Lakini nilikaa.

Chepkirui ameniletea stuli bila kuniangalia. Mwalimu naye amesogeza kiti karibu na dirisha, anaongea kwa sauti kubwa kuliko chumba kinavyohitaji. Zoezi la kwanza: andika unachosikia sasa hivi.

Nasikia Marvin akimeza. Nasikia viatu vya meneja vikienda, vikirudi.

"Bado uko?"

"Bado niko, sir. Anahamia upande wa pili."

Ameingia ndani kupigia wakubwa simu. Mlango ameuacha wazi — sijui amesahau ama vipi. Wingu limekuja juu ya mahindi, na hii veranda inavuja.

Brigid, dada yangu anayekaa Kimumu, amepiga simu. Nimemweleza niko wapi, akauliza: nitume boda ikutoe huko? Nimemwambia boda ije, lakini isinitoe. Ilete vitu: pampers tatu. Leso kavu, ile nzito. Sweta ya Marvin na kofia inayofunika masikio. Uji kwa flaski, usitie sukari nyingi. Mwavuli. Biro mbili, hii imeanza kukwaruza. Na mkeka — ule mkubwa, wa kulalia.