Nyumba ya Nyundo Mbili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na wajukuu hawakupandi kichwani. Sisi huku hatujambo, tunakula na kulala, na mkweo anakusalimu sana.

Najua dada na shemeji wanakutunza vizuri huko kwao. Lakini fundi bati ataishije ghorofani? Ukigonga kopo tu, jirani wa chini anajibu kwa ufagio darini. Dada ameniambia siku hizi unashinda dirishani umekunja mikono. Baba, maneno hayo yaliniuma. Nami kila nikikuita uje tufanye kazi pamoja unakataa, eti nyundo yangu peke yake imeshanifukuzisha katika kila nyumba niliyopanga, je zikiwa mbili? Ndipo nikaamua kununua nyumba yetu, tena isiyo na wa kutununia.

Ulinionya kwamba nyumba hainunuliwi kwa macho. Mkweo alilishika neno hilo utadhani yeye ndiye uliyemzaa. Kila tulikoingia alimwaga maji sakafuni aone yanakimbilia wapi, akafungua mabomba yote, akachungulia darini, akauliza kama hati ni ya muuzaji mwenyewe au ya marehemu mjomba wake. Wauzaji walimkoma. Akimaliza yeye, kinafuata kipimo changu: chuma cha fuawe uani, ndoo zigongwe juu yake, tusubiri nani atatoka.

Nyumba ya kwanza alitoka mama mmoja na mwiko mkononi, akauliza kama kwetu hakuna wagonjwa. Ya pili alitoka mwalimu mstaafu, akatupa nasaha mpaka miguu ikatuuma. Ya tatu, lahaula! Tuligonga mpaka jasho likatutoka, hata paka hakuchungulia. Nikataka kutia sahihi palepale. Mkweo akanivuta shati, akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, turudi kesho.

Tukarudi. Kumbe jana yake umeme ulikatika mtaa mzima! Ukuta kwa ukuta na nyumba ile kuna mashine ya kusaga unga, na watu wa upande wa pili walishahama zamani. Mashine ilipowashwa madirisha yalitetemeka. Nikamwambia mkweo twende zetu. Yeye alicheka mpaka akaketi chini, kisha akanipigia kelele sikioni kwamba ameolewa na mjinga, hapa nani atakuja kulalamika?

Tukaenda kwa mwenye mashine, mzee mcheshi mwenye kope nyeupe kwa unga. Alisema huzima jua likizama, usiku watu hulala. Aliposikia kazi yangu akanishika mkono, akanionyesha bakuli la bati la kumiminia nafaka, limetoboka kama chujio. Tangu lini nimwombe radhi mtu kwa kelele halafu yeye anipe kazi?

Sasa Baba, kaa vizuri. Uliniambia nisitie sahihi mpaka uje ugonge kuta mwenyewe. Nisamehe, nimeshatia. Niliogopa utakuja na sababu zako zilezile. Lakini hazipo tena, kwani popote tulipopima hatukugonga kwa nyundo moja. Nilikuwa nagonga yangu, na mkweo anagonga nyingine kwa niaba yako. Fuawe lako uliloniachia tumelichimbia uani, upande wenye kivuli, na hakuna aliyekuja na mwiko. Mkweo amejiponda gumba, maskini, na ndoo zote alizogonga zinavuja. Anasema ameshika nafasi yako vya kutosha, uje uichukue kabla hajamaliza vidole.

Wasalimie dada, shemeji na watoto. Mwambie shemeji asihangaike na usafiri, nitakuja kukuchukua mwenyewe Jumamosi. Wewe funga nyundo zako tu, nguo tutazifuata baadaye.

Ni mimi mwanao,
Kelele