Pinsi ya Mirindi

Jumatatu, 7 Juni 1999
Taa ya maternite, chumba cha kuzalishia, imezimika tena! Benitha, muuguzi wa dispanseri ya Giheke, ametuma muntu asubuhi. Mama alikuwa kitandani, mtoto nusu njiani, Benitha akamaliza na tochi mdomoni. Nimepanda mbio. Sola nzima, bateri nzima. Nimegusa waya mkubwa wa bateri — umechomoka wenyewe kwenye kose, ile pete ya shaba ya mwisho wa waya. Kose imeungua, nyeusi. Niliibana mimi, wiki mbili zilizopita.

Nimemwambia Benitha: pinsi yangu mbaya. Uongo nusu. Ile pinsi, koleo la kubania kose, inabana kadiri ya nguvu za anayeishika, na mkono wangu wa kuume hauna nguvu tangu uvunjike mwaka jana, tulipokanyagana pale Ruzizi tukikimbia kutoka Bukavu. Uliunga vibaya. Hapa hakuna anayejua. Fundi umeme mwanamke — wanangoja sababu tu!

Masista wenye dispanseri wamesema Jumanne ya wiki ijayo, mwisho. Taa isipowaka, kazi yote ya dispanseri anapewa Mutabazi, fundi mwenzangu. Mimi sina kazi nyingine.

Jumanne, 8 Juni
Mjini Kamembe, duka kwa duka, natafuta pinsi. Pinsi mpya, mikono myekundu, inang'aa. Nimeifunga, nimeiinua juani — mwanga unapita kati ya meno, haitabana! Mwenye duka anacheka: banamuke munaangalia rangi. Aka! Rangi ndiyo umeiangalia wewe ulipoinunua.

Nimekutana na Mutabazi. Ati gonga kose na nyundo, mwagia risasi ya kuyeyusha, yaishe. Wote hapa wanafanya hivyo. Nyundo inakata nyuzi za ndani, risasi inayeyuka waya ukipata moto. Nimemwambia. Amepiga mluzi, ameenda zake.

Alhamisi, 10 Juni
Nimempata Mirindi, Mushi kwa kabila, wa Bukavu, anayevusha vyombo vya fundi mpakani. Ana pinsi tatu ndani ya kitenge. Mwenyewe hasifu kitu. Anabana kose, anaifunga kwenye mti, ananing'iniza bidoni la maji la lita ishirini kwenye waya. Ya kwanza ilichomoka, tukalowa miguu. Ya pili ikavumilia kidogo. Ya tatu — bidoni limekaa!

Ya tatu ina meno ndani ya mikono. Ukianza kubana, tik, tik, haikuachii mpaka ufike mwisho. Haiwezi kubana nusu. Voilà, nikasema moyoni, hii haimwamini muntu, hii ndiyo yangu. Kijiti cha kuiachia ikikwama katikati kimevunjika, Mirindi amenionyesha bila kuficha. Kisha: jaribu mwenyewe, Maman Nshuti. Nikasema nimekuamini, Papa. Ameniangalia sana. Nimemwachia redio yetu kuwa malipo. Mwanangu Nshuti amenuna, hajala.

Jumamosi, 12 Juni
Kose ndogo tano. Zote tano nzuri! Nimevuta kwa mguu, hazikutoka. Nimecheka peke yangu jikoni, batoto wakaja kuangalia mama yao amepata wazimu gani.

Kose kubwa za bateri sijajaribu. Ninazo mbili tu, nisiziharibu. Ndiyo sababu. Bon, si ndiyo sababu. Naogopa.

Jumapili, 13 Juni
Misa sikuisikia. Nilikuwa nakunja vidole, nakunjua.

Jumanne, 15 Juni
Giheke. Saa kumi na mbili jioni, giza linaingia. Naandika kwa mkono wa kushoto, nimekaa juu ya sanduku la bateri, wafikiri napiga hesabu.

Ndogo zote zimekaa. Kose kubwa ya kwanza: tik, tik, tik — imekwama. Haiendi mbele, hairudi. Nimebana na goti. Nimebana kwa ukuta. Mkono umekufa mpaka bega, machozi yananitoka. Pinsi inaning'inia kwenye waya, imeuma. Hata kukata siwezi, waya utakuwa mfupi, hautafika.

Na mama mmoja ameingia, uchungu umemkamata njiani. Yuko nyuma ya pazia. Benitha anamkemea: mficha uchi hazai, Maman, fungua miguu! Kisha ananiita mimi: taa? Nimesema nakuja. Mara ya tatu nasema nakuja.

Mutabazi yuko kwenye benchi nje. Masista walimwambia aje, ikishindikana. Anakula sambaza, visamaki vya ziwani, kwenye karatasi. Mikono miwili mizima. Akiweka yake juu ya yangu, tik moja tu, kwisha! Na kesho Kamembe nzima itajua.

Benitha amewasha tochi. Bateri zake hafifu. Mama analia jina la mama yake.

Nimemwita! Mutabazi, njoo! Sauti imetoka kubwa kuliko nilivyotaka. Anakuja, anafuta mafuta kwenye suruali, anauliza nini. Mkono uko hapa, juu ya goti, umevimba, sijauficha, na ameshauona —