Kaburi la Omondi Lisichimbwe

Nairobi, Jumapili

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako. Goti linasemaje siku hizi za baridi? Na samaki wa omena wanapatikana hapo Sindo? Mimi ni mzima, ila nina neno zito la kukuambia. Tafadhali barua hii uisome ukiwa umeketi.

Nilipata habari kwamba Baba Mkubwa na wazee wanataka kuzika tunda la mti wa yago badala ya mwili wa kaka Omondi, kama desturi yetu kwa aliyefia mbali, kwa kuwa alienda Kanada akanyamaza miaka yote hii. Nakuomba uwazuie.

Hapa dukani ninapofanya kazi watu hulipia kutumia kompyuta ya mtandao, na laini ya simu ni moja, tena nzito. Nimejifunza ujanja wa kuiharakisha. Nimeipanga ifungukie ukurasa mtupu, isipoteze muda. Kurasa tunazozirudia nimeziwekea alama, nabonyeza tu. Herufi nimezikuza, maana nimerithi macho yako. Zaidi ya yote nimezima picha: maneno yanakuja mbio, na penye picha panabaki kisanduku kitupu. Wateja wananiita fundi, nami naringa kweli.

Basi Alhamisi nikatafuta jina la kaka. Ukaja ukurasa wa kwaya ya Wasabato huko Kanada, na Omondi mmoja katika sauti ya besi. Lakini akina Omondi ni wengi! Juu ya majina palikuwa na kisanduku kitupu. Nikawasha picha.

Ikaanza kushuka mstari kwa mstari: dari, taa, nywele. Mkubwa wangu akafoka, "Wee Akinyi, si tulisema picha zizimwe? Watu wanangoja laini!"

"Ni ndugu yangu, boss. Nyumbani wanataka kumzika."

Akavuta kiti. "Basi wacha ifike."

Paji la uso likafika, kisha macho. Mama, ni yeye. Amenenepa, na kichwa amekiinamisha upande vilevile kama alipokuwa akiimba kanisani kwetu. Nililia kwa furaha, halafu hasira ikanipanda. Mdomo ule unaimba, na kwetu hauna neno. Sijui kama hili si chungu kuliko msiba.

Msalimie Baba Mkubwa, umwambie namheshimu, ila kaburi lisichimbwe. Msalimie mdogo wangu Ochieng akirudi kutoka Suna, na shangazi anayekuletea kuni.

Kwaya ile ina anwani ya barua pepe. Nilimwandikia kaka matusi, nikafuta. Nikaandika maswali marefu, nikafuta pia. Mwishowe nikatuma hivi tu: "Mama bado yuko hai."

Binti yako akupendaye,
Akinyi