Maziwa ya Bihogo

Alhamisi. Mvua imenyesha Nyabusozi tangu alfajiri. Viatu vyangu bado vina tope, na moyo umechoka, lakini sirudi nyuma.

Editha, mgonjwa wangu, ana mimba. Ya kwanza ilitoka mwaka jana. Homa inampanda kila jioni, viungo vinamuuma, na vipimo vya malaria havionyeshi kitu. Mimi ni mganga wa zahanati, nampima mtu. Ni Sospeter, bwana mifugo wetu, aliyenitajia kwamba Bihogo, ng'ombe wa nyumbani kwa Editha, ametupa mimba.

Tukaenda pamoja. Yeye akatoa damu ya ng'ombe, mimi nikatoa ya Editha, uani palepale, majirani wakitucheka.

Leo tumepeleka majibu. Wote wawili wana brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, unaomfikia mtu kupitia maziwa mabichi.

Dawa zinazomfaa mjamzito tumeshaelekezwa na hospitali ya Biharamulo. Ila hazitasaidia akiendelea kunywa maziwa mabichi, na kwa mama mkwe wake, Bibi Veneranda, maziwa hayachemshwi. Anaamini yakipita motoni, chuchu za ng'ombe zinakauka. Nilipoanza tena kumweleza, akanipa mgongo, akamgeukia Sospeter.

"Wewe ndiye daktari wa ng'ombe. Sema wewe."

Iliniuma, sifichi.

Sospeter akamweleza taratibu kwamba moto haumdhuru Bihogo; ugonjwa ndio uliomtupisha ndama. Kisha akamwambia lililo gumu: ng'ombe mwenye ugonjwa huu hatibiwi. Itabidi atoke zizini, achinjwe. Bibi aliachiwa Bihogo na marehemu kaka yake. Akauliza kwa nini mtu apate dawa na ng'ombe akose, na Sospeter akanigeukia mimi.

Hapo ikawa zamu yangu.

"Bibi, Bihogo hatuwezi kumwokoa. Mjukuu wako tunaweza."

Bibi akachukua maziwa ya asubuhi, akayamimina kwenye sufuria, akayabandika jikoni mwenyewe. Yalipoanza kufura alikuwa analia. Hakuyaepua mpaka yalipochemka sawasawa.

Peke yangu nisingefika pale. Sospeter naye asingefika.

Kwa hiyo nimeamua. Kuanzia kesho, homa isiyojulikana ikiingia zahanati, kabla sijachukua sindano nitauliza: ng'ombe wa nyumbani kwenu hawajambo?