Lebo Kumi na Moja za Ndege wa Kisiwani

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwako Dada yangu mpendwa, Bi Biubwa binti Ahmad,
Ngamiani, Tanga.

KUH: MAELEZO KAMILI JUU YA YULE NDEGE, NA JUU YANGU MIMI

Shikamoo, Dada. Natumai waraka huu utakukuta umekwisha kusali alasiri na umepata pa kukaa, kwa maana ni mrefu. Nauliza hali yako, hali ya magoti yako uliyoyalalamikia mara ya mwisho, hali ya Shemeji, na ya Fauzia na mtihani wake. Mimi kwa upande wa mwili ni mzima. Baridi ya huku imeanza kung'ata, nalala na soksi mbili, na siku za mechi kelele za uwanja wa Ellis Park hutikisa vioo vya dirisha langu. Kwa upande wa mwili, narudia, sina la kulalamikia.

Huenda ukastaajabu kuona nimetumia karatasi ilhali simu zipo. Nilijaribu mara tatu kukurekodia sauti na mara zote tatu nikaifuta, kwa sababu nilijisikia nikijitetea. Anayekuletea ni Mussa, fundi viatu jirani yangu, anayerejea nyumbani kwa basi. Yeye hajui kilichomo.

Uliniuliza ni lini yule ndege atatangazwa kwa jina langu. Jibu ni kwamba hatatangazwa. Na zaidi ya hilo, yupo mama mmoja, Célestine, aliyefukuzwa kazi na kuvuliwa heshima yake katika jambo hilo hilo, na hasa ni kwa ajili ya mama huyo ninakuandikia. Naomba ruhusa nianze mwanzo, kwa utaratibu.

Kama ujuavyo, niliingia katika lile jumba la makusanyo nikiwa mlinzi wa mlango. Ni jumba la watu binafsi, si kubwa, lenye makabati ya chuma ambamo wamelazwa ndege waliokaushwa na kujazwa pamba, baadhi yao wakiwa na zaidi ya miaka mia tangu wakamatwe. Kila mmoja amefungwa mguuni lebo ndogo kwa uzi, na juu yake aliyemkamata ameandika mahali, tarehe, na rangi ya macho na miguu ya ndege alipokuwa hai, kwa kuwa rangi hizo hazidumu. Siku moja msimamizi wetu, Bi Carmel, aliuona mwandiko wangu katika daftari la wageni, akasema mwandiko kama huo haufai kukaa mlangoni. Akanipa meza, wino usiofutika na karatasi nzito, niandike lebo mpya na kuzifunga pembeni ya zile za zamani zilizokuwa zikiliwa na wadudu. Wewe unajua, Dada, kwamba nilikomea darasa la saba, na kwamba maneno ya ofisini nimejifunza mwenyewe kwa kunakili barua zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo. Siku ile sikupanda teksi. Nilitembea kwa miguu hadi Bertrams ili watu waione kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu.

Célestine ndiye aliyekuwa msafishaji. Ni mtu wa Lubumbashi, mjane, mama wa Chloé na Parfait, na anakaa Hillbrow ghorofa ya kumi katika jengo ambalo lifti yake imekufa siku nyingi. Aliniita Ministre, yaani Waziri, kwa ajili ya koti langu na faili ninalobeba kwapani, na kila asubuhi akipita na ufagio aliniuliza kama serikali imeamka salama. Nilipougua homa ya matumbo mwaka juzi, ni yeye aliyeniletea uji siku tisa mfululizo. Sikukueleza wakati ule nisikutie wasiwasi. Nalieleza leo ili lihesabiwe dhidi yangu.

Mwezi wa Februari alikuja Daktari Najma, mtaalamu wa ndege kutoka Indonesia, mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyefurahi kukuta mtu wa kumrudishia salamu kwa ukamilifu wake. Alifuata droo moja tu. Ndani yake walikuwamo ndege wadogo wa kijani wenye duara jeupe kulizunguka jicho, ndugu za hawa wetu waitwao kinengenenge. Aliwapanga mezani chali, safu kwa safu, akapima midomo na mabawa, akawatenga wa kisiwa kikubwa na wale kumi na mmoja wa kisiwa kimoja kidogo. Kisha akanisikilizisha katika simu yake sauti za wenzao walio hai. Wa kisiwa kikubwa hupiga mluzi wa kupanda, na wa kisiwa kidogo huziangusha sauti zao moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi kwa haraka.

Alinieleza kuwa vitabu vinawahesabu wote kuwa ndege wa aina moja, na kwa hiyo ni wengi, hawana haja ya kuhurumiwa. Lakini ikithibitika kwamba wale wa kisiwa kidogo ni aina yao peke yao, watapewa jina. Wakishapata jina wataingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, na msitu wao, ambao kampuni ya machimbo inauomba, utakuwa na hoja mbele ya serikali. Alisema kiumbe kisicho na jina hakuna anayeweza kukiombea. Neno hilo lilinipendeza kupita maelezo, kwa kuwa mimi nawaandikia watu maombi yao. Akaongeza, kwa ukarimu, kwamba desturi yao inaruhusu jina la aliyesaidia kazi liingie katika jina la ndege, na kwamba angependa kulifikiria langu. Siku hiyo hiyo nilikupigia simu, nawe ukawaambia Ngamiani nzima. Siku tatu mfululizo nilikuwa nikiliandika jina langu pembeni mwa gazeti, nikilipachika mkia wa Kilatini.

Siku ya nne Daktari aliomba lebo za zamani za wale kumi na mmoja, kwa maana jina la ndege husimama juu ya ushahidi wa mkono wa aliyemkamata, si juu ya nakala. Hazikuwepo. Miguuni mwao palikuwa na lebo zangu tu, safi, herufi zimesimama sawasawa. Bi Carmel akatuita sote. Célestine alijibu kwamba vya mezani yeye havigusi, hubeba vya kwenye ndoo ya taka tu, na kwamba juma moja kabla alibeba kweli vikaratasi vichakavu vyenye uzi, lakini alivikuta ndani ya ndoo. Nilipoulizwa mimi, nilijibu kwamba kwa upande wangu kila kitu nilikiacha mahali pake panapostahili. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma. Bi Carmel alilitazama koti langu, akaitazama aproni ya Célestine, na nadhani shauri lilikwisha hapo. Siku ya pili yake alipewa barua ya kufukuzwa kwa kuharibu mali ya jumba.

Jumapili iliyofuata, akitoka kanisani kwao mjini, alikuja kwangu na Chloé, barua ile akiwa ameikunja ndani ya Biblia. Chloé amezaliwa huku. Kiswahili anakielewa ila hukijibu kwa Kizulu, na siku ile alibaki mlangoni akitazama simu. Célestine alieleza kwamba amepewa siku saba za kukata rufaa. "Weye njo unajuaka maneno ya biro, Ministre," aliniambia, biro kwao ikiwa ni ofisi. "Andika, mie nitatia mukono. Uwaambie nilibeba bya mu ndoo tu." Akatania kwamba serikali isipomtetea raia wake, raia atahamia upinzani.

Nilimwandikia kurasa mbili kwa Kiingereza changu bora, kisha nikamsomea kwa Kiswahili. Alinisimamisha kwenye aya ya kwanza. Aliuliza mbona anaomba msamaha, alifanya nini. Nikamweleza kwamba ofisi kubwa zina adabu zake, kwamba ombi lisiloinamisha kichwa halisomwi, na kwamba maneno "nakiri upungufu wangu na naomba radhi kwa hasara iliyotokea" ni mlango tu wa kuingilia. Chloé aliinua macho kwenye simu akaguna eish, kwa sauti ndogo. Mama yake akasema anayejua njia ndiye anayeongoza, akatia sahihi.

Majibu yalikuja kwa siku nne. Yalisema kwa kuwa mhusika amekiri kosa kwa maandishi, uamuzi unathibitishwa, na ungamo lake litahifadhiwa katika faili. Kila ofisi aliyokwenda kuomba kazi ya usafi baada ya hapo ilipiga simu kuuliza habari zake, ikaambiwa ameungama. Hata hivyo alinitumia bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, akisema nilijitahidi. Nililila, Dada. Nililimaliza.

Mwezi wa Mei Daktari Najma aliniletea hati fupi. Alisema maadamu lebo zimepotea, nakala zangu ndizo ushahidi uliobaki, na zingeweza kukubaliwa iwapo ningeapa kwamba nilinakili neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilimwambia nitaitia sahihi kesho.

Sasa natakiwa kukuandikia yale ambayo kurasa zote hizi zimekuwa zikiyazunguka.

Lebo zile nilizikata mimi, kwa mkasi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Bi Carmel alikuwa amenikataza kuziondoa. Lakini katika kazi yangu ya maombi, nakala safi ikishaandikwa, ile ya mwanzo yenye madoa na mikato huchanwa, mtu mwingine asiione, na mimi niliona aibu kuiacha kazi yangu nzuri ining'inie pamoja na uchafu ule. Nilizitia katika ndoo ya taka kwa mkono wangu. Wala sikunakili neno kwa neno. Lebo nne mahali pa kisiwa palikuwa pameliwa na wadudu, hapasomeki. Kuacha pengo kulinichukiza, nami nikaandika kisiwa kile kile cha zile saba. Huenda ndege wale wanne wametoka kwingine kabisa. Mimi sijui, na hakuna tena awezaye kujua.

Na ile rufaa. Nimejiambia mara nyingi kwamba ndiyo desturi ya maombi, mtu huanza kwa kuinama. Si kweli. Nilipoandika neno "nakiri" nilijua litasomwaje. Nilijua kwamba mtu akishakiri, hakuna atakayeendelea kumtafuta mwingine. Aliponiuliza alifanya nini, nilikuwa na nafasi, tukiwa watu watatu tu chumbani, na nikamjibu kwa adabu za ofisi. Mwanamke aliyeninywesha uji kwa kijiko nimemtia kalamu mkononi, akajihukumu mwenyewe kwa kosa langu, akanishukuru.

Siku ya pili sikwenda kwa Daktari. Niliandika ukurasa mmoja wa maelezo, nikapanda ngazi za Hillbrow hadi ghorofa ya kumi. Célestine alikuwa akimsuka nywele jirani yake, Falonne, kwa maana ndiyo kazi iliyobaki. Nilimsomea nikiwa nimesimama. Falonne aligeuza kichwa na msuko mmoja mkononi mwa mwenzake, akauliza kama huyu ndiye yule Ministre anayesifiwa. Célestine akamwambia atulie, nywele zitapinda. Aliendelea kusuka mpaka nikafika mwisho, kisha akanawa mikono, akaiomba karatasi, akaitazama ingawa Kiingereza cha kuandikwa hakisomi vizuri.

Aliuliza ni wapi nimeandika kwamba yeye aliuliza.

Sikuelewa. "Haukuandika kama niliuliza," alisema. "Nilikuuliza, mbona naomba musamaha, nilifanya nini. Andika ile." Na kweli sikuwa nimeliandika, maana ndilo lililonifedhehesha kupita yote. Nilikuwa nimekiri mkasi, ndoo na uongo, nikamwacha yeye aonekane mtu asiyejua alichotia sahihi. Nikaliandika hapo hapo, karatasi nikiibana ukutani, kwa maneno yake yeye, bila kuyatengeneza. Kisha nikampa aione, nikanyoosha tena mkono niichukue, niipeleke kwa Bi Carmel. Akasema karatasi zake tangu sasa atazibeba mwenyewe.

Bi Carmel alituita Jumatano iliyofuata. Mimi nimeachishwa kazi, na sikukata rufaa. Ungamo lile limetolewa katika faili akakabidhiwa Célestine mwenyewe, pamoja na barua ya kumsafisha. Alirudishiwa kazi, akakaa nayo juma moja, akaaga, akasema hawezi kufagia chini ya meza ile. Amepata ofisi nyingine mjini, na walipopiga simu kuuliza waliambiwa mema. Juzi tulikutana kwenye robot, taa za barabarani kama waziitavyo huku, mbele ya spaza, kiduka cha mtaani. Aliitikia salamu, akavuka.

Daktari Najma hakunigombeza. Aliniandikia mistari mitatu, kwamba shahidi aliyeongeza manne hawezi kuaminiwa kwa yale saba, na kwamba ndege wote kumi na mmoja wamerudishwa katika droo yenye maandishi "mahali hapana hakika". Itambidi aende kisiwani akaanze upya na ndege walio hai, na vibali vyake huchukua zaidi ya mwaka. Barabara ya machimbo, aliandika, imekwisha kuingia msituni.

Mimi nalinda mlango wa jengo moja Hillbrow. Watu bado hunijia na karatasi zao. Nawaambia waandike wenyewe, nami nawasomea tu kama wameandika walichokusudia.

Dada, barua zangu nyingine umezoea kuzisoma ukumbini mbele ya majirani, ukiusifia mpangilio wake. Hii nayo naomba uisome hivyo hivyo, tangu juu mpaka sahihi, usiruke, wala usipunguze ukali wa neno lolote kwa kunihurumia. Waliosikia habari ya jina wana haki ya kusikia na hii. Sauti ikikukwama, mpe Fauzia aendelee.

Nisalimie Shemeji, na wote watakaokuwa bado wamekaa utakapofika hapa.

Mdogo wako,
Othmani bin Ahmad