Simu ya Bi Asha Haikuwa kwenye Orodha

Wete, Pemba

Dada Paulina,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mvua za Songea zimeanza, au bado mnatazama mawingu? Juzi kwenye simu nilikuambia mimi ni mzima. Nilikudanganya. Haya ninayoandika sikuweza kuyatamka, na ukimsomea Mama, msomee salamu tu.

Unajua kazi yangu hapa ni kuangalia mitandao ya vituo vya afya. Kwenye kisiwa kimoja kidogo ng'ambo ya Wete simu hushika kwa kubahatisha, kwa hiyo kituo kina intaneti yake, na mkunga wao, Bi Asha, huitumia kuita boti ya wagonjwa. Vijana wa kijijini waliipata nywila, wakawa wanaangalia mpira, bando linaisha kabla ya mwezi. Bosi akaniagiza nifunge. Kila simu hutoka kiwandani na namba yake isiyofanana na ya nyingine. Nikaorodhesha namba hizo za kiwandani za simu za wafanyakazi, na ruta, kile kifaa kinachorusha intaneti, ikawa inazikataa nyingine zote, hata mtu awe na nywila. Nilisifiwa.

Mwezi uliopita simu ya Bi Asha ikaingia maji. Ijumaa mchana akanipigia kwa simu mpya aliyonunua, amesimama nyuma ya msikiti ambako simu hushika kidogo, sauti inakatikakatika.

"Mwanangu, simu hii mpya ruta haiitaki. Namba yake nshakutumia kwa meseji."

"Nimeiona, Bi Asha. Jumatatu asubuhi nitaiingiza."

"Haya, inshallah."

Nilikuwa nimeshafunga kompyuta, Dada. Nilikuwa na njaa. Sababu ni hiyo, hakuna nyingine.

Jumapili saa nne asubuhi mwanamke aitwaye Mwanaisha alijifungua, damu ikakataa kukoma. Bi Asha, siku hiyo yuko peke yake kituoni, akaandika ujumbe wa kuita boti, ukagoma kwenda. Akakimbia nyuma ya msikiti, hata huko simu haikushika. Wanaume wengi walikuwa baharini. Mpaka ngalawa inapatikana jua lilikuwa kichwani, na Mwanaisha alikata roho kabla hawajafika Wete. Mtoto yuko hai, wa kike.

Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma ya watu. Siku chache baadaye mumewe, Haji, akanifuata ofisini. Hakufoka.

"Nieleze tu. Simu ile ilikosa nini?"

"Haikuwa kwenye orodha."

"Kuiandika ni kazi ya muda gani?"

"Dakika mbili."

Akanitazama. "Sote ni wa Mwenyezi Mungu," akasema, akaondoka. Bora angenipiga.

Siku hiyohiyo nikaifuta orodha yote. Vijana wakarudi kwenye mpira wao, wiki mbili hazikutimia, bando likaisha, na sasa kituo kizima hakina mtandao mpaka mwezi mpya. Bosi anataka orodha irudi, na vituo vingine navyo viwekewe. Nitaiweka, maana sijui lingine la kufanya. Bi Asha anaitikia salamu yangu, basi, hazidishi neno.

Nisalimie shemeji, Baba Mdogo Kaspari na kuku zake, na mwanao Neema, mwambie asome. Mama akiuliza nakuja lini, mwambie nimenyimwa likizo. Ukweli sijaiomba. Siwezi kukaa mbele ya Mama akanitazama usoni.

Ni mimi, mdogo wako,
Festo